Krismasi ugenini, kwenye mji wa pwani wenye joto: Las Palmas, Durban, Goa au Hurghada?

Saa mbili usiku wa mkesha wa Krismasi, mimi na mke wangu tulikuwa tumesimama mbele ya mkahawa uliofungwa mjini Las Palmas, kisiwani Gran Canaria, mkononi tuna mfuko wa machungwa. Hewa ilikuwa tulivu, bahari inasikika mtaa wa pili. Madirisha yote ya maghorofa yalikuwa yanawaka taa, na karibu kila dirisha lilitoa sauti ile ile ya mwanamume mmoja anayezungumza polepole. Alikuwa mfalme wa Uhispania akitoa hotuba yake ya Krismasi kwenye televisheni. Madrid hotuba hiyo husikika saa tatu, na visiwani, ambako saa iko nyuma kidogo, saa mbili. Watu wote walikuwa ndani na jamaa zao. Sisi tulikuwa wageni wawili barabarani, tumevaa vizuri, hatuna pa kwenda.

Tulirudi chumbani tukala machungwa na biskuti. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aende mji gani wa pwani kwa Krismasi, simwanzii na habari za joto la maji. Namuuliza: usiku ule mji wenyewe utakuwa unafanya nini, na wewe utapitia mlango gani kuingia katika sikukuu yao? Miji minne ninayoilinganisha hapa yote ina jua mwezi wa Desemba, na yote ina ufukwe. Inatofautiana katika jinsi inavyoiishi sikukuu, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea kuchagua. Mitatu nimeikaa mwenyewe wakati wa Krismasi. Wa nne, Hurghada nchini Misri, alikwenda mdogo wangu na familia yake, naye amenisimulia kila kitu.

Mkesha na siku yenyewe

Krismasi ya Uhispania ni ya mezani, nyumbani, na wenyewe. Usiku wa tarehe 24 wanauita Nochebuena, yaani usiku mwema, na chakula chake ndicho kikubwa kuliko cha tarehe 25. Mikahawa mingi ya kawaida hushusha milango jioni ili wafanyakazi nao wakale kwao. Inayobaki wazi sana sana ni ya hoteli, na meza zake huwa zimeshachukuliwa wiki nyingi kabla. Baada ya chakula kuna misa ya usiku, wanayoiita misa ya jogoo, na hapo mgeni huingia bila kualikwa. Kama ningelijua hilo mapema tungepumzika jioni, tukala chetu tulichonunua mchana, kisha tukatembea hadi Kanisa Kuu la Santa Ana kwenye mtaa wa kale wa Vegueta. Tulilijua kesho yake.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa la tarehe. Tuliondoka Las Palmas tarehe 29, tukaacha sikukuu nusu. Kwa Wahispania watoto hupata zawadi tarehe 6 Januari, siku ya Mamajusi, na jioni ya tarehe 5 mji mzima humiminika barabarani kuwapokea. Las Palmas huwaleta Mamajusi wakiwa juu ya ngamia. Hiyo ni sherehe ya nje, ya bure, ya kila mtu, na mgeni aliyesimama pembezoni na mtoto mabegani anarushiwa peremende kama mwenyeji. Kwa hiyo anayekwenda huko kuanzia tarehe 22 hadi 28 Desemba anapata zile siku ambazo milango imefungwa, na anakosa zile ambazo mji umefunguka. Nenda tarehe 28 hadi 7 Januari, au kaa wiki mbili kamili.

Kitu kimoja cha kutazama huko: pango la Noeli la mchanga. Kila Desemba tangu 2006, wachongaji kutoka nchi mbalimbali hukusanyika kwenye ufukwe wa Las Canteras wakachonga habari ya kuzaliwa kwa Yesu kwa mchanga mtupu, sanamu kubwa kuliko mtu. Nilisimama mbele ya mkono wa Mariamu. Mishipa ya nyuma ya kiganja ilikuwa inaonekana, na chini ya kucha palikuwa na kivuli. Hatua chache tu nyuma yangu mtoto alikuwa anachimba shimo kwa mchanga huo huo.

Durban ni kinyume cha Las Palmas. Afrika Kusini Desemba ni kiangazi, shule zimefungwa, viwanda vingi vimefunga, na nchi nzima iko barabarani. Wenyewe wana msemo, "Ke Dezemba", ambao unamaanisha kwamba mwezi huu usiniulize mambo ya kazi. Mkesha hauna uzito mkubwa sana. Tarehe 25 asubuhi watu huenda kanisani, kisha moto huwashwa uani na nyama inachomwa hadi jioni. Tarehe 26 ni Siku ya Hisani, na siku hiyo ndipo ufukwe wa Durban unapojaa mpaka mchanga hauonekani. Tarehe 1 Januari ni hivyo hivyo au zaidi. Sikukuu yao iko nje, kwa hiyo hakuna mlango wa kubisha. Unatandika kanga yako karibu na familia usiyoijua, na kabla jua halijazama watoto wenu wameshagombana na kupatana.

Historia nayo ina neno hapa. Vasco da Gama alipita pwani hiyo siku za Krismasi mwaka 1497, akaiita Natal, Noeli kwa Kireno, miezi michache kabla hajafika Malindi. Jina hilo limebaki hadi leo katika KwaZulu-Natal, jimbo lenye mji wa Durban.

Goa, jimbo dogo la India, ndiyo iliyonikamata moyo, nami sitaki kulificha hilo nyuma ya ulinganisho. Wareno waliishika kuanzia 1510 hadi Desemba 1961, na ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilikuwa ikipokea amri zake kutoka huko. Leo Wakristo ni kama robo ya watu wa jimbo, wengi wao Wakatoliki, na Desemba yao huanza mapema: tarehe 3 ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Xavier, ambaye mabaki yake yamo katika kanisa la Bom Jesus la Goa ya Kale, na tarehe 8 ni ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, msimamizi wa kanisa kubwa jeupe la mji wa Panaji. Kufikia tarehe 20 kila nyumba ya Mkristo imetundika nyota ya karatasi yenye taa ndani, na vijana wa kila mtaa wanajenga pango lao kwa nyasi, udongo na mbegu zilizooteshwa zikawa majani mabichi.

Misa ya mkesha katika parokia nyingi hufanyika nje, uwanjani mbele ya kanisa, kwa sababu watu hawaenei ndani. Viti vya plastiki hupangwa kwa safu, mabibi wamejifunika shali, vijana wamevaa suti. Ukifika umechelewa unasimama chini ya mnazi, na hakuna anayeshangaa kukuona. Kisha kuna sinia. Wiki ya Krismasi kila nyumba hutengeneza vitu vitamu na kupeleka sinia kwa majirani, Wakristo na Wahindu, na aliyepanga chumba kwao anahesabiwa kuwa jirani.

Bibi mwenye nyumba tuliyopanga Benaulim alinikalisha jikoni kwake alasiri moja nione anavyooka bebinka. Ni keki ya tui la nazi, viini vya mayai, sukari, unga kidogo, samli na kungumanga. Unamwaga tabaka moja jembamba, unaliweka makaa juu ya kifuniko mpaka liwe kahawia, unalipaka samli, unamwaga la pili. Alifanya hivyo mara saba bila kuketi. Kila tabaka lilichukua karibu dakika 20, na hakuna namna ya kuharakisha, maana tabaka lisipoiva lile la juu huzama ndani yake. Pembeni mjukuu wake alikuwa anaviringisha vipande vya unga nyuma ya uma, vikawa kama kombe ndogo za baharini za kukaanga. Kuna pia dodoli, tui na unga wa mchele na sukari guru vikikorogwa saa nyingi, ambayo mtu yeyote aliyekula halua ataitambua kwa ulimi wa kwanza.

Hurghada, pwani ya Bahari ya Shamu, ni jambo jingine kabisa. Wakristo wa Misri, Wakopti, hufuata kalenda yao ya kale na kusherehekea Noeli tarehe 7 Januari, siku ambayo ni mapumziko ya taifa. Tarehe 25 Desemba kwao bado ni mfungo, siku 43 bila nyama, na mjini ni siku ya kazi kama nyingine. Krismasi unayoiona ni ya hotelini: mti kwenye ukumbi wa mapokezi, kofia nyekundu kwa wahudumu, nyimbo za kwenye spika. Mdogo wangu aliniambia hivi: "Kaka, likizo ilikuwa nzuri sana, ila Krismasi sikuiona." Alipokwenda hakulijua hilo. Kwa mtu anayeikimbia Krismasi kwa sababu zake, aliyefiwa mwaka huo labda, au anayetaka tu siku saba za kulala na kuogelea, huo ni ubora wa Hurghada. Na anayeweza kukaa hadi tarehe 6 Januari usiku, akaenda kwenye ibada ya Kikopti inayoishia karibu na saa sita, atapata Noeli ya pili ambayo si ya watalii.

Bahari na hewa

Watu wengi hutazama joto la hewa kwenye simu wakadhani wamejua joto la maji. Sivyo. Mfano mbaya kuliko wote ni Cape Town, ndiyo maana sikuiweka kati ya hii minne ingawa ni nzuri kupindukia. Desemba mchana ni nyuzi 25 au 26, jua kali, lakini kwenye fukwe za upande wa Atlantiki kama Camps Bay na Clifton upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yaende mbali, na maji baridi ya chini yanapanda kushika nafasi yake. Unaweza kukuta bahari ya nyuzi 12 katikati ya kiangazi. Watoto huingia hadi vifundoni wakatoka wanalia. Upande wa False Bay, kwa mfano Muizenberg, kuna nafuu, lakini aliyesafiri mbali ili aogelee atafurahi zaidi Durban.

Durban hupata maji yanayoshuka kutoka kaskazini na mkondo wa Agulhas, upande wa Msumbiji, na Desemba bahari huwa nyuzi 23 au 24. Hewa ni kama 27 mchana na 20 usiku, na unyevu ni mwingi, nguo hazikauki upesi. Huo pia ndio msimu wao wa mvua: asubuhi jua, alasiri mawingu meusi na radi, jioni kumetulia. Panga mambo ya ufukweni kabla ya saa nane mchana.

Goa ndiyo yenye joto la kweli. Mchana ni nyuzi 32 au 33, usiku hushuka hadi 20 hivi, bahari ni kama 28, na mvua ni nadra sana, kwa sababu kusi limekwisha na ile kaskazi iliyokuwa ikileta majahazi pwani yetu ndiyo inayovuma. Bahari huwa tulivu. Kati ya saa sita na saa tisa mchana jua halivumiliki, na mwenye ngozi yoyote atafute kivuli.

Las Palmas ni ya wastani: nyuzi 21 mchana, 16 usiku, bahari 20 au 21. Mzungu aliyekimbia theluji huiita hiyo joto, lakini aliyezoea bahari ya joto ataingia majini kwa kujikaza, kisha atazoea. Kinachookoa ni ule mwamba mrefu unaoitwa La Barra, ambao unakaa sambamba na ufukwe wa Las Canteras na kuvunja mawimbi, kwa hiyo maji ya kupwa ni kama bwawa. Ukitaka jua la uhakika zaidi, kusini ya kisiwa, Maspalomas, ni pakavu kuliko Las Palmas, lakini huko ni hoteli tupu. Mji wenye watu wake uko kaskazini.

Hurghada hudanganya kwa njia yake. Maji ni nyuzi 23 hivi, hewa mchana 22, na upepo wa kaskazini hauachi. Ndani ya maji unajisikia vizuri, ukitoka unatetemeka, na usiku ukishuka hadi 12 au 13 unahitaji sweta na soksi. Hata hivyo kwa uzuri wa chini ya maji hakuna mji katika hii minne unaoifikia. Mdogo wangu hajui kupiga mbizi. Alivaa miwani na mrija tu, akaelea juu ya matumbawe karibu na visiwa vya Giftun, na anasema samaki walikuwa wengi hivi kwamba alisahau kuhesabu muda. Vaa viatu vya maji, na usikanyage wala kushika matumbawe.

Kuhusu usalama majini nitasema la Durban tu, kwa kuwa lina mambo mawili ambayo ni lazima uyajue. Nyavu za kuzuia papa zilianza kuwekwa huko 1952, na fukwe zenye nyavu ndizo zenye waokoaji. Oga hapo tu, kati ya bendera. Pili, mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya majitaka, na tangu hapo baadhi ya fukwe zimekuwa zikifungwa kila vipimo vya maji vikiwa vibaya. Matokeo ya vipimo hutangazwa. Yasome wiki unayokwenda, usitegemee ya mwaka uliopita.

Karatasi, nauli, na malipo yanayojificha

Las Palmas iko Uhispania, kwa hiyo anayehitaji visa huomba ya Schengen, visa moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Kwa safari ya Krismasi, anza Agosti. Miadi ya Novemba huisha upesi kuliko karanga. India ina visa ya mtandaoni kwa nchi nyingi, ambayo ni rahisi zaidi, ila ijaze kwa makini: jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Misri na Afrika Kusini hutegemea sana una pasipoti gani, wengine hawahitaji visa kabisa na wengine ni lazima wapitie ubalozini.

Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachowarudisha watu uwanjani. India, Misri na Afrika Kusini hukitaka kwa anayetoka au aliyepitia nchi yenye ugonjwa huo, na India humweka karantini, hadi siku sita, asiyekuwa nacho. Chanjo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechanja tarehe 20 kwa safari ya tarehe 23 amechelewa. Ukishachanja mara moja cheti ni cha maisha.

Nauli hupanda sana kuanzia karibu tarehe 18 hadi 24, na tena kurudi tarehe 2 hadi 4 Januari. Anayekubali kuruka tarehe 25 yenyewe mara nyingi hupata nafuu, ingawa ni huzuni kidogo. Kwa kawaida Durban utapitia Johannesburg, Goa utapitia Mumbai, Hurghada Cairo, na Las Palmas Madrid au Casablanca. Goa sasa ina viwanja viwili: Dabolim wa zamani, na Mopa wa kaskazini uliofunguliwa kwa abiria Januari 2023. Ukipanga chumba Palolem, kusini kabisa, kisha ukatua Mopa, una zaidi ya saa mbili za teksi usiku. Angalia jina la kiwanja kabla ya kulipa.

Malipo yanayojificha ni haya: hoteli nyingi za fukweni, hasa Hurghada na Goa, huweka chakula cha lazima usiku wa tarehe 24 na 31, kila kichwa kinalipiwa, ule usile. Mdogo wangu aliambiwa mapokezini, mizigo ikiwa chini na watoto wamelala begani, kwamba anadaiwa chakula cha watu wanne ambacho hakukiagiza. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho. Alilipa, afanyeje. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha chumba, uliza kwa maandishi kama kuna chakula cha lazima na ni kiasi gani, uhifadhi jibu.

Ukiwa na watoto, ukiwa na mzazi mzee

Kwa watoto wa miaka minne hadi kumi, Durban. Ufukwe una waokoaji, una mabwawa ya kuchezea, na uShaka, hifadhi ya viumbe vya baharini iliyofunguliwa 2004, iko mwishoni mwa barabara hiyo hiyo ya pwani. Hofu ya kila mzazi ni kumpoteza mtoto kwenye umati wa tarehe 26, na wamelifikiria: siku za sikukuu kuna meza ufukweni ambapo mtoto huvishwa bangili ya karatasi. Dada aliyemvisha binti yangu aliniomba namba ya simu, akaiandika kwa kalamu ya wino mzito, kisha akampulizia mkononi ikauke. Alimwambia, ukipotea mwonyeshe mtu mwenye shati kama langu. Binti yangu alilala na bangili ile siku tatu.

Mzazi mzee atafurahi zaidi Las Palmas. Njia ya miguu ya Las Canteras ni bapa, karibu kilomita tatu bila gari hata moja, na kila baada ya hatua kadhaa kuna benchi. Hakuna joto la kumchosha, hospitali ziko karibu, na anaweza kwenda na fimbo yake asubuhi na kurudi peke yake. Goa kwa mzee ni ngumu kidogo: barabara nyembamba zisizo na njia ya pembeni, pikipiki nyingi, na jua lile. Inawezekana, lakini mtafutie chumba kusini, Benaulim au Colva, karibu na kanisa. Kaskazini, Baga na Calangute, wiki ya Krismasi ni muziki na foleni za magari. Vijana wanaokwenda kucheza wataipenda, anayekwenda kusali au kulala ataijutia.

Na wapenzi wapya, au wale ambao hii ni likizo yao ya kwanza pamoja? Hurghada haina ubaya, kila kitu kimelipiwa, hakuna cha kubishania.

Ningekwenda wapi

Ningekuwa na wiki moja tu, kati ya tarehe 20 na 28, na moyo unataka Krismasi yenye Krismasi ndani yake, ningerudi Goa bila kufikiri mara mbili, kusini, nyumba ya familia, si hoteli. Nikiwa na watoto wadogo na mfuko usioruhusu safari ndefu, Durban. Mama yangu angekuwa hai ningempeleka Las Palmas tukae mpaka ngamia waingie mjini.

Kabla ya kununua tiketi yoyote, fanya jambo moja. Mwandikie anayekupangisha umuulize: usiku wa tarehe 24, mgeni asiye na ndugu hapo kwenu anakula wapi na anasali wapi? Hoteli mojawapo iliwahi kunijibu kwa kunitumia bei ya karamu. Mwenye nyumba mwingine alijibu kwamba yeye hatakuwepo, ufunguo utakuwa chini ya chungu cha maua. Yule bibi wa Benaulim alijibu usiku ule ule, mstari mmoja: misa ni uwanjani saa tano na nusu, njooni na shali, mkirudi mnakula kwetu.